Maruturutu yanayokuja na kuondoka: unawashwa, na kipimo hakionyeshi kitu

Tangu tuzungumzie magonjwa ya ngozi kwenye kipindi cha asubuhi, ujumbe unaoingia kwenye simu ya studio umekuwa na swali moja linalorudi kwa sura tofauti. Mmoja anaandika kwamba kila ikifika jioni mwili unamvimba mabaka mabaka, asubuhi yameisha yote. Mwingine anaamka mdomo umevimba kama aliyeumwa na nyuki, na nyuki hajamwona. Mama mmoja ameacha mayai, ameacha samaki, ameacha maharage na karanga, sasa anakula ugali na mchicha tu, na bado anajikuna. Karibu wote wamekwenda kupima, wakaambiwa hakuna kilichoonekana. Na wote wanauliza: kama hakuna kitu, mbona nawashwa?

Swali hilo lina jibu, ila jibu lenyewe ni refu kuliko dakika tunazopewa hewani kati ya taarifa ya habari na bei za mazao. Ndiyo maana nimeliandika hapa, msikilizaji, ulisome taratibu na umsomee na jirani ambaye simu yake haina intaneti.

Kinachotokea chini ya ngozi

Uvimbe huo unaokuja na kuondoka watu wetu wanauita maruturutu. Hospitalini utasikia urtikaria. Chini ya ngozi ya kila mtu kuna chembe za ulinzi zilizobeba vifuko vya kemikali inayoitwa histamini. Zikishtuka, zinaimwaga. Mishipa midogo ya damu inatanuka na kuvuja majimaji, ngozi inanyanyuka, na neva zilizo karibu zinaanza kuwasha. Si damu chafu inayotafuta pa kutokea. Ni sawa na sungusungu kupiga filimbi usiku wakati mwizi hayupo: kijiji kizima kinaamka, mbio na marungu, na hakuna aliyeibiwa.

Vitabu vingi vinasema maruturutu ni mekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani. Utaona uvimbe wenye rangi ileile ya ngozi, au uliofifia kidogo, na wakati mwingine utaujua kwa kupapasa kuliko kwa kutazama. Wapo walioambiwa "mbona sioni kitu" kwa sababu hiyo tu.

Alama yake kubwa ni kwamba hayakai. Uvimbe mmoja mmoja huisha ndani ya saa 24 na ngozi ikabaki kama haijawahi kuguswa, ingawa mwingine huenda umeshatokea pembeni. Kuna kipimo cha nyumbani kisicho na gharama. Chukua kalamu ya wino, zungushia duara uvimbe mmoja, andika saa. Kesho saa ileile angalia. Kama ndani ya duara pameshakuwa patupu, kuna uwezekano mkubwa ni maruturutu. Kama uvimbe upo palepale, unauma kuliko kuwasha, au umeacha alama nyeusi kama ya mtu aliyegongwa, hilo ni jambo jingine, na mganga anatakiwa aambiwe hivyo.

Takribani mtu mmoja kati ya watano hupata maruturutu angalau mara moja maishani. Kwa wengi ni jambo la siku chache: baada ya mafua, baada ya dawa fulani, baada ya kuumwa na mdudu au kula kitu, kisha basi. Yakiendelea kuja kwa zaidi ya wiki sita, madaktari huyaita sugu. Na hapa ndipo lilipo jibu la yule mama. Kwa wagonjwa wengi wa maruturutu sugu hakipatikani chakula, mdudu wala kitu chochote cha nje kuwa ndicho chanzo, hata wakipimwa kwenye hospitali kubwa za Ulaya. Kwa sehemu yao imeonekana kwamba mwili hutengeneza kingamwili zinazozishtua chembe zake wenyewe.

Kwa hiyo daktari anaposema hajaona kitu, hajasema unaigiza. Amekueleza aina ya ugonjwa ulionao. Kinachokosekana, kwa maoni yangu, ni sentensi ya pili ambayo wagonjwa wengi hawaambiwi: ugonjwa usiojulikana chanzo unatibika vilevile.

Neno mzio linavyotuponza

Kiswahili kilikuwa na neno mzio kabla ya hospitali. Mzio ni kitu ambacho mtu au ukoo haupaswi kukila au kukigusa kwa kuwa kinadhuru. Neno aleji lenyewe ni changa. Lilibuniwa mwaka 1906 na Clemens von Pirquet, daktari wa Vienna. Tulipohitaji neno letu la kusemea jambo hilo, mzio ukachukuliwa, na ukaja na mzigo wake: kwamba lazima kiwepo kitu, na ukikijua ukakiacha, umepona.

Kwa mzio wa kweli wa chakula hiyo ni sawa kabisa. Lakini mzio wa chakula una tabia yake. Huja haraka, mara nyingi ndani ya dakika chache hadi saa mbili baada ya kula, na hurudi kila unapokula kitu hicho. Mtu aliyekula dagaa Jumatatu akavimba, akala Jumatano asivimbe, kisha akavimba Ijumaa siku ambayo dagaa hakuwagusa, huyo dagaa hana kesi ya kujibu.

Nalisema hili kwa sauti kwa sababu madhara yake yanaonekana kwenye ujumbe wenu. Mtu anaondoa chakula kimoja, maruturutu yanapumzika siku tatu kama kawaida yake, anaamini amempata mchawi. Yakirudi anaondoa kingine. Na vinavyoondolewa kwanza ni vile vyenye kujenga mwili: mayai, samaki, maziwa, maharage. Akiwa ni mjamzito, au ni mtoto anayekua, muwasho umezaa utapiamlo. Ukishuku chakula fulani, acha hicho kimoja tu kwa wiki mbili au tatu, kisha kirudishe uone. Isipokuwa kama kilikuletea shida ya kupumua au kuzirai. Hicho usikijaribu tena nyumbani.

Mijini kuna wanaouza vipimo vya damu vinavyotoa karatasi ndefu ya vyakula ambavyo eti mwili wako unavikataa. Kwa maruturutu sugu karatasi hiyo haina msaada. Fedha hiyo inunue samaki. Vipimo vya maana ni vichache: picha ya damu, kipimo cha choo kutafuta minyoo kwa mazingira yetu haya, na kingine chochote ambacho daktari atakiona kutokana na maelezo yako.

Vichochezi vipo

Kukosa chanzo si kukosa vichochezi. Kichochezi hakileti ugonjwa, bali kinauamsha ukiwa tayari upo. Joto, jasho, pombe, kukosa usingizi, mawazo, mkanda uliobana, kamba ya mzigo begani. Wapo ambao ngozi yao inaandikika: fundi mitambo wetu ukimkwaruza mgongoni kwa ukucha, baada ya dakika chache unaweza kusoma jina la kipindi. Yeye hana shida nalo, analifanyia mzaha. Mwingine mwenye hali hiyohiyo hawezi kubeba kuni bila kuwashwa hadi usiku.

Kichochezi kinachosahaulika ni dawa za maumivu. Asprini, ibuprofeni na diklofenaki huzidisha maruturutu kwa baadhi ya wagonjwa, na huku kwetu msimu wa kulima diklofenaki inamezwa kama pipi. Ukiwa na maruturutu sugu, muulize mtoa dawa kama parasetamoli itatosha kwa maumivu uliyonayo.

Halafu kuna dawa za presha. Kaptopril, enalapril na lisinopril ni dawa nzuri zinazookoa maisha, lakini kwa watu wachache huvimbisha midomo, ulimi au uso, bila muwasho wowote. Jambo hilo laweza kutokea baada ya miezi au hata miaka ya kumeza dawa bila tatizo, na huwapata zaidi watu weusi. Mzee wetu anaamka ulimi umejaa mdomoni, familia inaanza kuulizana jana alikula kwa nani. Kabla ya kutafuta aliyempa sumu, angalieni boksi la dawa. Asimeze kidonge kinachofuata. Apelekwe hospitali muda huohuo na boksi lake, abadilishiwe. Kuacha dawa ya presha na kukaa nyumbani bila nyingine nako ni hatari.

Si kila muwasho ni maruturutu

Upele unawasha zaidi usiku, unapenda katikati ya vidole, viwiko vya mikono, kiunoni na sehemu za siri, na kwa kawaida hauji kwa mtu mmoja. Kama wote mnajikuna, mnatakiwa kupaka dawa nyumba nzima kwa siku moja na kufua nguo na mashuka. Pumu ya ngozi huanza mara nyingi utotoni, hukaa kwenye mikunjo ya viwiko na magoti, na ngozi inakuwa kavu na kukakamaa. Vipele vidogo vigumu kwenye mikono na miguu, vinavyowasha sana na kuacha madoa meusi, ni sababu ya kwenda kupima VVU. Maruturutu yenyewe peke yake si dalili ya VVU; nimeulizwa hilo zaidi ya mara moja na mtu aliyekuwa ameshaanza kukimbiwa na wenzake.

Sisi watu wa mikorosho tuna mambo yetu. Mafuta yaliyo ndani ya ganda la korosho yanaunguza. Anayebangua kwa mikono mitupu anajua: ngozi inababuka, vidole vinakuwa vyeusi na kuchunika. Mbali na kuunguza, mafuta hayo huweza kuleta mzio wa mguso, na huo una sifa inayopoteza watu njia. Hautokei palepale. Hutokea siku moja au mbili baadaye, kwa hiyo mtu anamlaumu aliyekula naye jana kumbe ni kazi ya juzi. Mwembe ni ndugu wa mkorosho, na utomvu wake una kemikali za jamii moja. Ndiyo maana kuna watoto wanaotoka vipele kuzunguka mdomo msimu wa maembe. Wengi wao hawakatazwi embe. Wamenyiwe kwanza, wapewe nyama bila ganda. Kwa mbanguaji, glavu, au mafuta ya kupikia mikononi kabla ya kazi, na sabuni na maji mengi mara baada ya kazi.

Mzio wa mguso ukishaingia mwilini hautoki kirahisi. Ndivyo ilivyo kwa fundi ujenzi na saruji, na ndivyo ilivyo kwa piko nyeusi ya harusini iliyochanganywa na dawa ya kupaka nywele. Bibi harusi aliyebabuka mikono mara ya kwanza, mara ya pili atababuka zaidi.

Kuna na mkanganyiko wa salfa. Unga tunaoupulizia mikorosho dhidi ya ubwiri unga ni salfa, na unawasha macho, pua na ngozi ya karibu kila anayeupulizia bila kujifunika. Huko ni kuunguzwa, si mzio. Hospitalini nako kuna dawa zinazoitwa za salfa, kama kotrimoksazoli na SP ya kuzuia malaria kwa wajawazito. Majina yanafanana, vitu ni tofauti. Mama aliyewashwa na salfa ya shambani asikatae SP kliniki kwa sababu hiyo. Lakini kama aliwahi kumeza kotrimoksazoli au SP akatokwa na doa jeusi la duara linalochoma, na likarudi palepale kila alipomeza tena, huo ni mzio wa dawa kweli na lazima aseme. Jina la dawa liandikwe kwenye kadi au daftari lake la kliniki, kwa herufi kubwa.

Tiba ilivyo

Dawa za kwanza kwa maruturutu ni zile zinazozuia histamini bila kulaza mtu sana, kama setirizini na loratadini. Si ghali na zinapatikana hata kwenye maduka ya dawa muhimu. Kwa mtu mzima kwa kawaida ni miligramu 10 mara moja kwa siku. Wengi hukosea jambo moja: wanameza siku wakiwashwa, wanaacha zikitulia. Kwa maruturutu sugu dawa humezwa kila siku, kwa wiki kadhaa, iwe unawashwa au huwashwi, kwa sababu kazi yake ni kuwahi mlango kabla histamini haijafika. Isipotosha, daktari anaweza kuongeza kiwango hadi mara nne ya hicho. Hilo ni la daktari, si la kujiongezea.

Klofeniramini, ambayo wengi mnaiita Piriton, nayo inazuia histamini, lakini inaleta usingizi mzito. Dereva wa bodaboda aliyemeza asubuhi ni hatari kwake na kwa abiria.

Predinisoloni inatuliza haraka, ndiyo maana inapendwa. Daktari anaweza kuitoa kwa siku chache maruturutu yanapokuwa makali. Kujinunulia kila mwezi ni kununua presha, sukari kupanda, mifupa laini na uso kuvimba kama mwezi. Krimu za dukani zenye steroidi kali hazisaidii maruturutu, maana tatizo liko chini na linahamahama. Zikitumika kwa miezi zinaifanya ngozi kuwa nyembamba na yenye michirizi. Wengine wameanza kupaka krimu kwa ajili ya kuwashwa wakaendelea kwa sababu zinang'arisha. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini, ila bado vinafichwa chini ya meza.

Nyumbani, maji ya baridi au kitambaa chenye maji hutuliza. Nguo pana za pamba, kucha fupi, sabuni isiyo na manukato makali. Yote haya yanapunguza makali tu, hayaondoi ugonjwa.

Je, ni ya maisha? Kwa wengi, hapana. Maruturutu sugu kwa kawaida huisha yenyewe, mara nyingi ndani ya mwaka mmoja hadi mitano. Ndiyo, miaka mitano ni mirefu kwa mtu asiyelala. Lakini kazi ya dawa ni kukuwezesha kulala, kulima na kukaa na watu wakati ugonjwa unamaliza safari yake. Kila baada ya miezi kadhaa ya utulivu daktari atajaribu kupunguza.

Pasipo na kusubiri

Maruturutu ya kawaida yanasumbua, hayaui. Kinachoua ni mshtuko wa mzio, ambao unaweza kuanza na maruturutu hayohayo: baada ya kuumwa na nyuki, baada ya sindano kama ya penisilini, au baada ya chakula. Pumzi inabana au kifua kinapiga filimbi, sauti inakwaruza, ulimi unavimba, mtu anatapika mfululizo, kizunguzungu, anazimia. Hapo hakuna maziwa, hakuna mkaa, hakuna kumeza setirizini na kungoja. Mlaze chali, nyanyua miguu. Kama anahangaika kupumua mwache akae. Asisimamishwe wala asitembezwe. Apelekwe kituo cha karibu kuliko vyote, hata kama ni zahanati ndogo, kwa kuwa dawa anayohitaji ni adrenalini ya sindano kwenye msuli wa paja, na kila dakika ina thamani. Akishapata nafuu abaki chini ya uangalizi kwa saa kadhaa, maana hali inaweza kurudi.

Hospitali ya siku hiyohiyo pia ni kwa mtu ambaye baada ya dawa mpya ametoka malengelenge, midomo na macho yamechubuka, au ngozi inavuka. Aache dawa hiyo na aende nayo.

Unapokwenda kliniki

Maruturutu yana ubishi: ukifika kwa mganga yamejificha. Hapo simu yako ina kazi kubwa kuliko kipimo. Piga picha mchana, kwenye mwanga wa nje, moja ya karibu na moja ya mbali, na ile ya duara la kalamu pamoja na ya siku iliyofuata. Andika kwenye daftari tarehe, saa yalipoanza, dawa zote ulizomeza ikiwemo za maumivu na za miti shamba, na kazi uliyofanya siku mbili zilizotangulia. Beba maboksi ya dawa unazotumia. Anza na zahanati au kituo cha afya. Kama setirizini ya kila siku haijasaidia baada ya mwezi, omba rufaa. Tanzania ina kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha kanda pale KCMC Moshi, kilichoanza 1992, na kimefundisha waganga kutoka nchi nyingi za Afrika. Ulizia kama hospitali yako ya mkoa ina mmoja wao.

Maswali endeleeni kututumia kwa ujumbe mfupi, majina hatuyataji hewani. Picha za ngozi, tafadhali, msitutumie studio. Mpelekeeni mganga.